Picha Zetu Hazikuwa Chafu: Namna ya Kuipa Filamu Fupi Sura ya Zamani

Tulipiga filamu ya dakika kumi na moja Ngamiani, Tanga, kwenye nyumba ya bibi mmoja aliyetuazima sebule na ua kwa siku mbili. Hadithi ilikuwa ya mwaka 1974. Bajeti yenyewe ilikuwa nauli, wali maharage na soda za watoto wa mtaani ili wakae kimya. Wiki kadhaa baadaye nikarudi na kompyuta kumwonyesha mwenye nyumba, kifua mbele. Nilikuwa nimeweka mikwaruzo, vumbi, rangi ya kahawia kama chai iliyolala, na picha ilitikisika utadhani kamera ilifungwa kwenye pikipiki.

Bibi alitazama kidogo, akasogeza miwani. “Mjukuu wangu, hii picha imepatwa na nini?”

“Ni ya zamani, bibi. Nimeifanya iwe ya zamani.”

Akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na picha yake ya studio, nyeusi na nyeupe, yeye na marehemu mumewe wamesimama mbele ya pazia lililochorwa minazi. Vifungo vya shati la babu vilihesabika. Nywele za bibi zilionekana msuko mmoja mmoja. “Picha zetu hazikuwa chafu,” akasema. “Mpiga picha angetuletea uchafu kama huu, tusingemlipa.”

Tuliipiga filamu raundi ya pili, nikaihariri upya yote, na mwongozo huu umetoka humo. Mikwaruzo na vumbi ni alama za mkanda uliooneshwa mara nyingi mno au uliohifadhiwa vibaya. Usiku wa kwanza wa maonyesho mkanda ulikuwa safi. Ule wekundu wa sinema nyingi za zamani nao ni ugonjwa wa uzee, kwa sababu rangi ya samawati-kijani kwenye nakala za wakati ule hufifia kabla ya nyenzake. Kwa hiyo usiige uchakavu. Iga shida alizokuwa nazo aliyeshika kamera: mkanda mzito wa kushika mwanga, roli za filamu za bei mbaya, kamera nzito, lenzi chache. Sura tunayoipenda ilizaliwa na shida hizo.

Chagua mwaka, si “zamani”

“Zamani” si sura. Filamu zilizotengenezwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937 chini ya mradi wa kikoloni wa sinema za elimu zilipigwa kwa mkanda wa milimita 16, sauti yake ikawekwa kwenye santuri. Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, dakika 36, ina sura nyingine kabisa. Ukichanganya hizo mbili utapata picha isiyo na kwao.

Chukua filamu moja tu ya kukuongoza. Isimamishe sehemu kumi, piga picha za skrini, uzibandike ukutani au uziweke kwenye simu ya kila mmoja kwenye timu. Kisha uliza maswali ya kipuuzi: mwanga unatoka upande gani? Nyuma ya mtu panaonekana au pana ukungu? Kamera inatembea au imesimama? Ukitaka kujua jinsi ya kufanya mengi kwa machache, tazama Borom Sarret ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1963, ya mwendesha mkokoteni wa farasi jijini Dakar. Ni kama dakika ishirini tu, na sauti iliwekwa baada ya kupiga picha. Ukitaka mfano wa nyumbani na wa karibuni, Vuta N’kuvute ya Amil Shivji (2021) inaijenga Zanzibar ya miaka ya 1950 kwa kamera za leo. Na usidanganywe kwamba lazima uwe na mkanda halisi. The Holdovers ya Alexander Payne (2023), ambayo ukiitazama utaapa kwamba ni filamu ya 1970, ilipigwa kidijitali.

Kamera, na kosa la picha yenye ukungu nyuma

Kamera yoyote inayokuruhusu kushika mipangilio kwa mkono inatosha, hata simu yenye programu ya bure kama Blackmagic Camera. Weka fremu 24 kwa sekunde, shuta 1/50. Umeme wetu ni wa hertzi 50, hivyo taa hupiga mapigo 100 kwa sekunde. Shuta ya 1/50 inakusanya mapigo mawili kamili na picha haipepesi. Zima kila kitu kinachoitwa “ukali” ndani ya kamera. Kingo zilizochongwa na kompyuta ndizo zinazoitambulisha video ya kisasa kabla mtu hajatamka neno.

Sasa jambo ambalo vijana wengi wananibishia. Uso ulio kwenye fokasi na nyuma yote kuwa uji wa taa si sura ya zamani. Ni sura ya mwaka 2010, baada ya kamera kubwa za picha za mnato kuanza kupiga video. Fremu ya milimita 16 ina upana wa milimita 10.26 tu, na fremu ndogo huleta fokasi yenye kina kirefu. Lenzi ya milimita 25 iliyofunguliwa hadi f/2.8 kwenye kamera ile inakaribiana na lenzi ya milimita 85 kwenye f/9.5 ya kamera yenye kihisi kikubwa cha leo. Kwa hiyo funga lenzi yako: f/8 kwa kihisi kikubwa, f/5.6 kwa kile cha kati. Mtazamaji aione sebule, aione na saa ya ukutani. Na hapa mwenye simu ana bahati yake, maana baadhi ya simu za bei kubwa zina kihisi kinachokaribia kabisa fremu ya milimita 16. Anachopaswa kufanya ni kutogusa ule mtindo wa “picha ya mtu” unaotengeneza ukungu wa uongo.

Nje, jua la saa sita la Tanga na shuta ya 1/50 kwenye ISO 100 litakupeleka f/22, na hapo lenzi nyingi hupoteza makali. Nunua filta ya ND, ile ya kupunguza mwanga. Ya stopu tatu itakurudisha f/8; kama kamera yako inaanzia ISO 800, utahitaji stopu sita.

Tumia stendi. Droni na gimbali viache kwa wanaopiga harusi. Ukitaka kamera isogee, geuza shingo ya stendi, au tumia zumu polepole kama walivyofanya miaka ya 1970, au mweke mpiga picha kwenye kiti cha magurudumu. Jipe pia kikomo cha muda. Kamera ya Bolex ya kuzungusha ufunguo, iliyotumiwa na wengi wasio na fedha, ilikwenda takriban sekunde 28 kisha ikasimama. Futi 100 za mkanda wa milimita 16 ni dakika mbili na sekunde arobaini na kitu. Sisi raundi ya pili tulijiwekea sharti: hakuna shoti inayozidi sekunde 28, na kila shoti marudio matatu basi. Waigizaji walianza kufanya mazoezi kwa bidii kuliko nilivyowahi kuwaona.

Lenzi ya mtumba

Lenzi za kisasa zimepakwa dawa nyingi za kuzuia mwanga usizurure ndani. Za zamani zilipakwa kidogo, hivyo dirisha likiwa kwenye fremu, weupe unavuja kidogo juu ya vivuli na picha inalainika yenyewe. Helios 44-2 ya Kirusi, milimita 58, ndiyo kipenzi cha masikini duniani kote. Inafungwa kwa uzi wa M42, na kwa kamera zisizo na kioo ndani utahitaji kiunganishi cha bei ndogo tu. Kwa Nikon za kioo tahadhari: kiunganishi cha kawaida kitakunyima fokasi ya mbali.

Kabla hujalipa, iwashie tochi ya simu kwa nyuma uichungulie. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Sisi wa pwani tunaijua. Hewa ya chumvi na unyevu inakula lenzi kama inavyokula mabati. Ukishapata iliyo safi, ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Huna lenzi ya zamani? Chukua stokingi nyeusi nyembamba, ikaze juu ya kioo cha mbele, funga kwa mpira. Taa zitapata kiwaa, ngozi italainika. Piga jaribio kwanza, maana nyuzi zikiwa nene na lenzi ikiwa pana, utaona wavu.

Mwanga

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Mkanda wa rangi uliotawala sinema za mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulikuwa na kasi ya ASA 100. Kamera yako leo inafika elfu kumi bila kulalamika, na ndiyo maana picha zetu za ndani zinafanana: mwanga ulioenea kila mahali, laini, usio na mwenyewe. Wapiga picha wa enzi zile ilibidi wamwage mwanga mkali, kutoka upande mmoja, na kivuli kikaanguka ukutani waziwazi. Weka kamera yako ISO ya chini kabisa inayowezekana halafu jilazimishe kutafuta mwanga.

Ndani ya nyumba ya bibi tulifanya hivi. Tulifunga madirisha yote isipokuwa moja, lile la mashariki. Kati ya saa mbili na saa nne asubuhi jua liliingia mshazari, likapiga sakafu ya saruji na kurudi usoni mwa muigizaji kutoka chini. Upande wa pili hatukuweka taa. Tulitundika khanga nyeusi tuzidi kuula mwanga. Usiku tulitumia globu mbili za zamani, zile za waya unaowaka, moja ndani ya kivuli cha taa kinachoonekana kwenye picha na nyingine nyuma ya kabati. Globu hizi siku hizi zinatafutwa. Maduka mengi yanauza LED. LED za bei ya chini hupepesa na hula wekundu wa ngozi, basi zijaribu mbele ya kamera kabla ya siku ya kazi.

Taa ya chemli ikiwepo kwenye hadithi, usiiachie kazi ya kumulika. Iache ionekane, halafu weka globu yenye rangi ya joto upande uleule, nje ya fremu, iwe juu kidogo ya ile chemli. Ndivyo walivyofanya, na jicho linakubali.

Kuna kosa moja la enzi zile ambalo usiliige hata kidogo. Kadi za Kodak za kupimia rangi maabara kwa miaka mingi zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, na mikanda na uchapishaji vikapimwa kwa ngozi yake. Weusi tukaishia kuwa meno na macho. Wewe pima mwanga kwa uso wa muigizaji wako, wala usipime ukuta mweupe nyuma yake. Na ukuta ukizidi kung’aa, msogeze mtu mbali nao. Ngozi nyeusi huonekana vizuri kwa mng’ao kuliko kwa wingi wa mwanga: mafuta kidogo kwenye paji na mashavu, shuka jeupe au bati upande wa pili, na uso unapata umbo. Mpodoaji wako anaweza kuja na poda. Mwombe aiache kwenye begi.

Vitu vinavyokusaliti

Raundi ya kwanza tulipiga shoti nzuri kuliko zote, mama anafungua barua karibu na mlango. Nimeitazama mara hamsini. Mara ya hamsini na moja nikaiona mita ya umeme ya LUKU, kijani kinawaka juu ya bega lake, mwaka 1974.

Tembea nyumba nzima na simu, piga kila ukuta, kaa chini uzitazame picha bila haraka. Wasaliti wa kawaida: swichi za kisasa, waya wa dishi, madirisha ya aluminiamu, viti vya plastiki, vigae, mfuko wa plastiki kwenye mti, kibao cha njano cha namba ya gari, mkao wa simu mikononi mwa muigizaji aliyezoea kushika kioo. Hiyo ya mwisho ni utani nusu; watu wa leo wanashika hata bahasha kama simu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi miaka ya 1990, basi sebule ya Tanga ya 1974 iweke redio, na redio iwe na kitambaa chake cha kufumwa juu.

Badala ya kununua vitu, punguza fremu. Kona moja iliyo sahihi inakutosha dakika tano. Mavazi yapo: suruali za bugaluu zinapatikana kwenye mitumba au zinashonwa, na kola pana ni kazi ya saa moja kwa fundi. Khanga iulizie kwa wazee. Bibi alitukatalia mojawapo kwa kuisoma maneno tu, akasema hiyo ilitoka yeye akiwa na wajukuu.

Jambo dogo lililotuletea sifa kuliko lenzi na taa zote ni majina ya mwanzo. Hatukuyaandika kwenye kompyuta. Tulimtafuta fundi anayechora mabango ya maduka na saluni, tukampa ubao wa rangi ya kijani iliyokolea na orodha ya majina. Alipiga mistari kwa chaki, akafuata kwa brashi, herufi zikiwa na kivuli chekundu upande wa kulia. Jina la mtunza sauti lilimwishia nafasi ikabidi herufi mbili za mwisho zibanane. Tukaupiga picha ule ubao kwa mwanga wa dirisha, kamera kwenye stendi. Hakuna fonti itakayokupa zile herufi mbili.

Sauti

Rekodi safi, kisha ipunguze. Sauti ya mkanda wa milimita 16 haikuvuka sana hertzi 7,000, kwa hiyo kata juu ya hapo, kata na chini ya 100, na uilete yote katikati: mono. Filamu nyingi za bajeti ndogo ziliingiziwa sauti baadaye, hivyo usiogope kurekodi mazungumzo upya ndani ya kabati la nguo. Kutolingana kidogo na midomo kunasameheka. Nyimbo za dansi na taarabu za zamani zina wenyewe. Watafute uombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kuhariri, maana ukishaupenda wimbo ndani ya picha hutauachia.

Kwenye kompyuta, mwisho kabisa

DaVinci Resolve ya bure inatosha. Anza kwa kulainisha: ukungu mdogo sana juu ya picha nzima, kiasi kwamba kope zisikatike kama wembe. Kisha mkunjo wa mwanga: sehemu zenye weupe ziinamishwe taratibu zisiungue ghafla, na weusi uuache uwe mweusi. Ule weusi wa kijivu unaouzwa kama “sura ya filamu” ni nakala iliyopauka. Punguza ukolezi wa kijani cha majani, ambacho kamera za leo hukipigia kelele, na uiache ngozi ibaki na joto lake.

Halafu wekundu wa pembeni ya taa. Kwenye mkanda, mwanga mkali ulipenya tabaka zote, ukagonga mgongo wa plastiki, ukarudi, na tabaka la kwanza kukutana nalo liliporudi ni lile linaloshika wekundu. Ndiyo maana globu na dirisha vilipata ukingo wa chungwa. Nakili klipu yako juu ya yenyewe, bakiza sehemu zinazong’aa tu, zitie ukungu, zipake chungwa-nyekundu, changanya kwa mtindo wa Screen, kisha punguza mpaka mtu asiyejua asiulize.

Chenga, yaani zile punje za mkanda, ziwe za mwisho. Kwa toleo la bure, tafuta klipu ya chenga zilizonakiliwa kutoka mkanda halisi, iweke juu ya kila kitu, hata juu ya majina, kwa mtindo wa Overlay, na uanze asilimia 30 ukishuka. Lazima chenga zibadilike kila fremu. Zikitulia ni uchafu wa kioo. Chenga halisi huonekana zaidi kwenye mwanga wa kati, kama ukuta wa kijivu au shavu, kuliko kwenye weupe au weusi uliokolea. Ukitaka picha iyumbe, iyumbe chini ya pikseli moja. Mikwaruzo, madoa ya kuungua na mianga ya rangi inayopita, unajua nitasema nini. Bibi yupo.

Intaneti inachukia chenga, kwa sababu mitambo ya kubana video huziona kama kelele na kuzifuta. Hata kama ulipiga HD, toa faili la 4K unapopandisha YouTube, litapewa nafasi kubwa zaidi. Kwa WhatsApp litume kama hati, si kama video. Na ukienda kumwonyesha mtu kwenye televisheni yake ya sebuleni, omba rimoti kwanza, ingia kwenye mipangilio ya picha, uzime ile kazi ya kulainisha mwendo. Inajaza fremu za kubuni kati ya zako 24, na filamu yako ya 1974 inageuka tamthilia ya mchana.